Jinsi ya kutengeneza moduli za maelekezo za AI ili usiifundishe upya kila siku

Kama unatumia Claude, ChatGPT au Gemini kwa kazi zako utakuwa umeshakutana na hii, leo unaielekeza vizuri mpaka inakupa kitu safi kabisa, wiki ijayo unafungua mazungumzo mapya unaipa kazi ile ile na inaandika vingine kabisa, unaanza upya kuielezea, hapana sio hivyo, weka tarehe juu, usibuni majina, hela andika kwa tarakimu. Watu wengi suluhisho lao ni kusevu promti moja ndefu (maandishi ya maelekezo unayoipa AI) kwenye noti za simu halafu kila siku kukopi na kupesti, na hiyo promti inazidi kurefuka kila kukicha mpaka hata mwenyewe hujui tena kuna nini ndani.

Njia nzuri zaidi ni kuyavunja maelekezo yako yawe moduli, yaani kila moduli ni faili au folda yenye maelekezo ya kazi moja, ambayo AI inaifungua pale tu kazi hiyo inapokuja. Ntaelezea kwa mfano mmoja mpaka mwisho, muhtasari wa kikao cha kikoba, sababu ni kazi ambayo makatibu wengi wanaifanya, ina utaratibu wake, ina hela za watu ndani, na AI ikikosea hapo watu wanagombana.

Vifaa kwanza, haraka haraka. Julai 2023 OpenAI waliweka sehemu ya maelekezo ya kudumu kwenye ChatGPT yao, Novemba mwaka huo huo zikaja GPT za kujitengenezea mwenyewe. Juni 2024 Claude ikapata Projects, yaani sehemu ya kuweka pamoja maelekezo na mafaili ya kazi moja, Agosti 2024 Gemini ikapata Gems, wasaidizi wa kujitengenezea kwa kazi maalumu. Oktoba 2025 Anthropic, wenye Claude, wakatoa Agent Skills, ambazo ni folda za maelekezo ya kazi moja moja, na Desemba 2025 wakauweka muundo wake wazi autumie yeyote, kwahiyo saivi programu nyingine za AI za kuandikia kodi za kompyuta kama Codex ya OpenAI na GitHub Copilot nazo zinasoma folda za aina hiyo hiyo. Mimi nafuata huo muundo wa Skills hapa sababu ndo uliopangika vizuri kuliko vyote, ila kanuni zenyewe zinafanya kazi popote, hata kama una simu tu, hiyo ntaisema mwishoni.

Gawanya kabla hujaandika

Hapa ndo penye kazi yenyewe. Kuandika maelekezo mtu yeyote anaweza, kugawanya ndo kunashinda wengi. Chukua ile promti yako ndefu, kila sentensi iulize swali moja, hii AI inaihitaji lini? Majibu yatakuwa matatu.

Kuna vitu inavihitaji muda wote, kazi yoyote ile. Kuna vitu inavihitaji kwenye kazi fulani tu. Na kuna vitu inavihitaji ndani ya hiyo kazi, tena mara moja moja. Vya kwanza vinaenda kwenye maelekezo ya kudumu (kwenye Claude Code, programu ya Anthropic ya kuandikia kodi, ni faili la maandishi linaloitwa CLAUDE.md, programu nyingi nyingine za kuandika kodi zinasoma AGENTS.md, kwenye ChatGPT ni ile sehemu ya maelekezo ya kudumu). Vya pili ndo moduli. Vya tatu vinakaa kwenye mafaili ya pembeni ndani ya folda ya moduli, na moduli inasema tu ukifika hapa fungua faili fulani.

Sababu ya kugawanya hivi sio usafi tu. Kila unachokiweka mbele ya AI kinakula tokeni (vipande vya maneno ambavyo AI inasoma na kuhesabia), na kinashindana na vingine. Mwaka 2023 Nelson Liu na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha modeli, yaani hizi AI za lugha zenyewe, zinatumia vizuri taarifa zilizo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu kuliko zilizo katikati, kwahiyo ile sheria yako muhimu uliyoichomeka katikati ya promti ya kurasa nne iko sehemu mbaya kuliko zote. Modeli za saivi zimeboreka sana ila tabia ya kupitiwa na kitu kilichozikwa katikati bado utakutana nayo. Skills zinakwepa hili kwa kusoma kwa hatua, mwanzoni AI inaona jina na maelezo mafupi ya kila moduli tu, kama tokeni 100 hivi kwa kila moja, ikiona inahusika ndo inafungua mwili wa maelekezo, na mafaili ya pembeni inayafungua ikilazimika tu. Unaweza kuwa na moduli ishirini na bado ukawa mwepesi.

Kwenye mfano wetu, mgawanyo unakuwa hivi. Jinsi ya kusoma saa na hela za Kiswahili ni ya muda wote, sababu itahitajika kwenye barua, kwenye muhtasari, kwenye tangazo la group, kila mahali. Jinsi ya kupanga muhtasari ni moduli. Viwango vya kikoba chenu, yaani bei ya hisa, riba, faini ya kuchelewa, mfuko wa jamii, ni faili la pembeni, tena lazima liwe pembeni kwa sababu ntakayoisema.

Saa na hela, usizipuuze

Hizi ntakaa nazo kidogo maana ndo zinazoharibu kazi za Kiswahili kuliko kitu kingine na maelekezo yoyote yaliyoandikwa na mtu wa Ulaya hayatakuwa nazo. Katibu ameandika kikao kilifunguliwa saa tatu, AI isiyoelekezwa inaweza kuandika 3:00. Kwenye maelekezo ya kudumu weka mifano, sio maelezo marefu:

> Saa zote ni za Kiswahili isipokuwa nikisema vingine.
> saa tatu asubuhi = 09:00
> saa saba na nusu mchana = 13:30
> saa tisa alasiri = 15:00
> saa mbili usiku = 20:00
> saa kumi alfajiri = 04:00
> Saa bila asubuhi/mchana/usiku: angalia muktadha, kama haueleweki uliza.
> Kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri: uliza tarehe, usikadirie.

Huo mstari wa mwisho usiuondoe. Mtu akikwambia usiku wa Jumamosi saa saba, kuna wanaomaanisha usiku wa kuamkia Jumamosi na kuna wanaomaanisha usiku wa kuamkia Jumapili, hata binadamu tunaulizana, kwahiyo AI nayo iulize.

Hela vile vile. "Laki mbili na nusu" ni 250,000. "Laki moja na ishirini" kwa maongezi ya kawaida ni 120,000, sio 100,020. "Elfu arobaini na tano" ni 45,000, ila ukiisoma kama mashine inaweza kuwa 40,005. Andika hiyo mifano, halafu ongeza sheria moja, kiasi chochote chenye utata kiandikwe kama kilivyosemwa na kiwekewe alama ya kuhakiki pembeni. Mweka hazina anaona alama, anakagua daftari, mambo yanaisha.

Mistari miwili ya juu ndo roho ya moduli

Kwenye muundo wa Skills, moduli ni folda, ndani yake lazima kuwe na faili linaitwa SKILL.md, na juu ya hilo faili kuna sehemu mbili, jina na maelezo. Jina ni herufi ndogo, namba na vistari tu, lisizidi herufi 64. Maelezo yasizidi herufi 1024. AI inaamua kufungua au kutofungua moduli kwa kuangalia hivyo viwili basi, haijaona ndani bado. Kwahiyo hata kama ndani umeandika vizuri namna gani, maelezo yakiwa hovyo moduli yako itakaa pale haiguswi.

Maelezo mabovu ni kama "Inasaidia mambo ya vikao." Hayasemi inafanya nini hasa, hayasemi lini. Maelezo mazuri yana vitu vitatu, kazi gani, maneno gani mtu akiyasema ujue ndo hii, na kazi gani za jirani ambazo sio zake. Hivi:

> ---
> name: muhtasari-kikao
> description: Inaandika muhtasari rasmi wa kikao cha kikoba kutoka kwenye noti za katibu, sauti iliyogeuzwa maandishi, au meseji za WhatsApp. Tumia mtu akitaja muhtasari, minitsi, kikao, ajenda, yatokanayo au mahudhurio, au akipesti noti za kikao bila kusema anataka nini. Usitumie kwa barua za mialiko wala kwa hesabu za mgao wa mwisho wa mwaka.
> ---

Ona nimeweka muhtasari na minitsi yote mawili, sababu watu hawaongei kama kamusi, andika maneno ambayo wenzako wanayatumia kweli, na kama kwenye kikundi chenu mnaita "ripoti ya kikao" basi liongeze. Na kile kipande cha "akipesti noti bila kusema anataka nini" ni muhimu sana, ndo watu wanavyofanya, wanatupia maandishi wanasubiri.

Mwili wa maelekezo

Kosa kubwa hapa ni kuielezea AI vitu inavyovijua. Haina haja ya kuambiwa muhtasari ni nini au kwanini uandikwe kwa lugha ya heshima. Ichukulie kama katibu mpya mwerevu, Kiswahili anakijua, kuandika anajua, ila utaratibu wenu hajui, kwahiyo mwambie ule wa kwenu tu. Anthropic wenyewe wanashauri mwili usizidi mistari 500, mimi naona kwa kazi nyingi za ofisini mistari 60 inatosha na kuzidi.

> # Muhtasari wa kikao
>
> 1. Kwanza chambua noti: tarehe, mahali, saa ya kufungua na kufunga, waliohudhuria, wenye udhuru, wasio na taarifa. Kisichokuwepo kwenye noti andika [HAIKUTAJWA]. Usijaze kwa kukadiria, sababu muhtasari huu unasainiwa na mwenyekiti na unatumika kama ushahidi.
> 2. Panga kwa mfuatano huu: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda moja moja, mengineyo, kufunga kikao.
> 3. Kila azimio liwe na vitu vitatu: nini kifanyike, nani afanye, kabla ya lini. Kimoja kikikosekana, liweke pia kwenye orodha ya "Ya kuulizia" mwishoni.
> 4. Majadiliano yafupishe, maazimio usiyafupishe.
> 5. Wenye marejesho yaliyochelewa wataje kwa namba ya uanachama, sio kwa jina, sababu nakala inasambazwa kwenye group.
> 6. Kukiwa na faini, hisa au riba, fungua viwango.md kwanza. Noti zikitofautiana na viwango, usirekebishe, onyesha tofauti.
> 7. Mfano wa muhtasari uliokamilika uko mfano.md. Fuata mpangilio wake.

Angalia namba 1 na namba 5, kila katazo lina sababu yake. Sio mapambo, AI ikijua sababu inaweza kuamua vizuri kwenye hali ambayo hukuifikiria. Ukiandika MARUFUKU KUTAJA MAJINA kwa herufi kubwa itaondoa mpaka jina la mwenyekiti aliyefungua kikao. Ukiandika sababu inaelewa tatizo ni wenye madeni tu.

Kitu kingine, pima ni wapi unabana na wapi unaachia. Mfuatano wa ajenda nimeubana, hauna mjadala. Kufupisha majadiliano nimeachia, kila kikao kina yake, ukibana hapo kwa kusema kila ajenda iwe sentensi tatu utapata sentensi tatu hata kwa ajenda ambayo watu walibishana saa nzima.

Na ule mfano.md una thamani kuliko aya kumi za maelekezo. Chukua muhtasari mmoja mlioukubali wote, badilisha majina na namba ziwe za kubuni, weka. Lugha ya maelekezo inaweza kuwa Kiswahili au Kiingereza, modeli kubwa zinaelewa zote, mimi nashauri andika kwa lugha utakayoweza kuikagua mwenyewe usiku ukiwa umechoka, ila mfano wa matokeo LAZIMA uwe kwa Kiswahili kile kile unachotaka kukiona, maana bila mfano itakuandikia Kiswahili cha tafsiri ambacho hamna kikoba kinaongea.

Vinavyobadilika vikae peke yake

Nilisema viwango lazima viwe pembeni. Sababu katiba ya kikoba inabadilika, mkutano mkuu unaamua hisa kutoka 5,000 iwe 10,000, faini inapanda, na kama hizo namba umezitawanya ndani ya maelekezo utabadilisha sehemu mbili usahau ya tatu. Faili la viwango.md liwe fupi, juu kabisa liandikwe viwango hivi ni kuanzia tarehe fulani kwa uamuzi wa mkutano fulani, basi. Mkibadilisha, unagusa faili moja.

Hesabu nazo usiache AI ijumlishe kichwani. Modeli za lugha zinaweza kukosea jumla ya safu ndefu na zikaiandika kwa kujiamini kabisa. Kama programu yako inaweza kuendesha kodi, weka skripti ndogo ya Python (programu fupi ya kufanya hesabu) kwenye folda ya scripts, na maelekezo yaseme jumla zote zipite kwenye hiyo skripti. Faida nyingine ni kwamba ikiendesha skripti haihitaji kuisoma kodi yote, inapokea jibu tu, tokeni zinabaki. Kama huwezi skripti, agiza jumla ziachwe wazi mweka hazina ajaze kutoka Excel au daftari.

Majina, namba za simu na salio za wanachama zisiingie kwenye moduli kabisa. Moduli unaisambaza, unaiazima, unaisahau kwenye laptopu ya mtu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, ila hata bila sheria hizo hela za mwanachama ni siri ya mwanachama.

Ijaribu kabla hujaiamini

Tafuta noti za vikao vya zamani ambavyo muhtasari wake sahihi unao. Chagua za aina tofauti, moja safi, moja imevurugika (mtu karuka ajenda, mahudhurio nusu, hela zimeandikwa kwa maneno), na moja ambayo haina kabisa kitu muhimu kama saa ya kufunga uone kama itabuni. Halafu ipe kazi ambayo SIO yake, kwa mfano barua ya kuomba ukumbi, uone kama moduli inajichomeka isipotakiwa. Kila jaribio fungua mazungumzo mapya, ukijaribu kwenye mazungumzo yale yale uliyoielekeza kwa mdomo dakika tano nyuma unapima kumbukumbu ya hayo mazungumzo, sio moduli.

Jaribu pia bila moduli kabisa. Matokeo yakifanana, kuna mistari humo haifanyi kazi, ifute. Na ukirekebisha, badilisha kitu kimoja kimoja, sababu ukigeuza maelezo na mwili kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Dalili na dawa zake ziko wazi kiasi. Haifunguki inapotakiwa, ongeza maneno kwenye maelezo. Inafunguka hovyo, ongeza "usitumie kwa". Inafunguka ila inaruka hatua, maelekezo ni marefu mno au hatua imejificha ndani ya aya, itoe iwe na namba yake. Haifungui faili la pembeni, umelitaja bila kusema lini lifunguliwe. Mafaili ya pembeni pia yasielekezane lenyewe kwa lenyewe, SKILL.md liyataje yote moja kwa moja, ukifanya faili linatuma kwenye faili linalotuma kwenye faili jingine AI itasoma juu juu na kuacha.

Zikishakuwa nyingi

Ipe kila moduli jina la kazi yake, muhtasari-kikao, barua-mwaliko, tangazo-group, hesabu-mgao. Majina kama msaidizi au mambo-ya-ofisi hayamwambii mtu kitu, wala AI. Moduli mbili zikianza kugombania kazi moja, soma maelezo yao kwa pamoja, aidha uziunganishe au uchore mpaka wazi kwenye maelezo ya zote mbili. Na moduli ikianza kuwa na "kama ni kikao fanya hivi, kama ni barua fanya vile" hizo ni moduli mbili, zitenganishe. Kazi uliyoifanya mara moja na hairudi usiitengenezee moduli.

Kwenye Claude Code zile zako binafsi zinakaa ~/.claude/skills/ na za mradi wa pamoja zinakaa .claude/skills/ ndani ya mradi wenyewe, kwahiyo anayejiunga na mradi anazikuta. Kama mnajua Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili) tumieni Git, kama hamjui hata folda ya Google Drive inafaa, sharti ni mtu mmoja awe na dhamana ya kila moduli, na kila badiliko liandikwe mstari mmoja, tarehe, nini, kwanini.

Za kupakua mitandaoni kuwa nazo makini sana. Moduli inaweza kubeba skripti inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako, na maandishi yake yenyewe ni amri kwa AI yenye ruhusa zako. Fungua kila faili usome kabla hujaiwasha, kuna kitu hukielewi au inaita anwani ya mtandao usiyoijua, achana nayo.

Kama una simu tu

Huna folda, sawa. Tengeneza Project moja kwenye Claude au ChatGPT, au Gem moja kwenye Gemini, kwa kila kazi. Kwenye maelekezo yake anza na zile saa na hela, halafu mwili wa moduli, na viwango.md na mfano.md vipakie kama mafaili. Yale maelezo ya lini itumike huyahitaji sana hapa maana wewe mwenyewe ndo unachagua ufungue ipi. Nakala ya kila kitu iweke kwenye Google Docs, dokumenti moja kwa moduli moja, na ukibadilisha maelekezo badilisha kwenye dokumenti kwanza ndo ukopi kwenda kwenye Project, usifanye kinyume, maana katibu akibadilishwa mwakani utamtumia hiyo linki na ataanza na toleo la mwisho.